Mguu wa Kuku Chini ya Kiti

4 Februari

Baba, shikamoo.

Kaa kwanza. Nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Barua hii anaileta dereva wa lori atakayekuja kuchukua vile viti ishirini vya duka, na ukishaandika jibu mpe yeye huyo huyo, nitalipata wiki inayofuata. Simu imetushinda. Ukipokea, msumeno unapiga kelele. Ukizima msumeno, tunapigiana kelele sisi.

Habari ni njema. Tangu nihamishiwe kitengo cha matangazo hapa dukani, kazi yangu ni kuzunguka kwenye samani nione watu wananunua nini, na wanachonunua ni viti vyako. Hata bei hawaulizi. Wanakipindua kiti miguu juu, wanatafuta alama yako, ule mguu wa kuku uliochomwa chini ya kikalio. Wakiukosa, wanakirudisha na kuondoka. Juzi Meneja alisimama nami tukamwangalia mama mmoja akipindua viti sita, kimoja baada ya kingine. Meneja akatikisa kichwa, akaniambia, "Huyu mzee wako ana brandi kali, na mwenyewe hajui."

Sasa duka linataka kuinunua hiyo brandi. Wewe utaendelea kutengeneza viti kama siku zote, na lori litaendelea kuja. Karatasi anazo dereva. Nimezisoma, ni za kawaida tu. Weka saini kila palipo na alama ya kalamu, kurasa nne.

Vilevile, mwambie Mama afunge kitambaa puani anapopiga msasa. Kile kikohozi chake hakikunipendeza nilipokuja.

Binti yako.


11 Februari

Binti yangu, marahaba.

Nilisoma nimekaa, kisha nikasimama. Nani amewaambia hao watu kwamba mimi nina brandi? Pombe niliiacha mwaka ulipoanza darasa la kwanza, na shahidi ni mama yako aliyeimwaga chupa ya mwisho mtaroni mbele ya macho yangu. Na hata siku zile, brandi sikuwa na uwezo nayo. Leo naambiwa ninayo, tena kali, na wanataka kuinunua, na anayeniandikia hayo ni mwanangu mwenyewe! Nilimuuliza dereva. Akasema kweli, brandi ni kinywaji, rangi yake kama chai ya rangi, wenye nazo hunywa baada ya chakula. Nikamwambia apakie viti aende zake.

Mama yako alicheka mpaka akakalia maranda. Akasema, "Muulize mtoto vizuri, usikurupuke." Basi nakuuliza vizuri. Wanataka kununua nini?

Kama ni ule mguu wa kuku, ujue si pambo. Siku nilipotoka kwa fundi aliyenifundisha kazi, nilimwendea mhunzi wa pale kona nikamwomba anifulie chuma cha kuchomea alama. Nilimwambia achore mti wenye matawi matatu. Akaniletea mguu wa kuku. Nilimfokea, lakini chuma kilishapoa na yeye alishakula malipo, nikachoma kiti cha kwanza hivyo hivyo. Kufika mwezi wa pili mtaa mzima ukawa unaniita Fundi Kuku. Sasa ni miaka thelathini na mmoja. Mtu akiona ule mguu anajua mguu wa kiti ukilegea mlango wa kugonga ni upi. Hiyo tu ndiyo kazi yake.

Karatasi zenu sijazigusa. Ziko juu ya kabati, zinakula vumbi kama sisi wengine.

Baba yako,
Fundi Kuku


18 Februari

Baba, shikamoo.

Ilibidi niingie chooni nicheke huko, maana ofisini kwetu mtu akicheka peke yake wanamtazama. Kosa ni langu. Nilitakiwa kuandika chapa. Lakini Meneja hataki kusikia chapa, anasema chapa ni ya ng'ombe na ya mikate. Kwake lazima iwe brandi, kwa Kiingereza brand, jina na alama ambayo mteja akiiona anaiamini bidhaa kabla hata hajaigusa.

Nikaona nikuandalie maelezo ya kutosha usije ukamfukuza dereva tena. Nimefungua ile kamusi kubwa ya ofisini. Baba, hutaamini. Neno hilo zamani kwa Waingereza lilikuwa moto. Moto wenyewe, au kijinga cha moto kilichotolewa jikoni. Baadaye likawa alama inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye ngozi ya mnyama au kwenye pipa la mbao, ijulikane ni la nani na limetoka kwa nani. Mambo ya matangazo yalikuja mwisho kabisa. Na ile brandi ya dereva, nayo imetoka motoni: Waholanzi waliiita divai iliyochomwa, kwa sababu inachemshwa na mvuke wake ukishapoa ndio unaonywewa. Kwa hiyo wewe na dereva hamkuwa mbali sana na ukweli.

Nilipomaliza kusoma nilikaa nikawaza. Katika jengo hili tuko watu tisini, kutwa brandi, brandi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chuma cha moto. Anayefanya hasa kile ambacho neno linasema ni wewe.

Naomba usaini kabla ya mwisho wa wiki. Ni muhimu. Vilevile, itapendeza kama saini zote zitafanana.

Binti yako.


25 Februari

Binti yangu, marahaba.

Nimesaini. Nilimsomea mama yako habari ya kijinga cha moto, akasema kumbe Waingereza nao walikuwa na akili.

Chuma hakiendi popote, hilo nimemwambia dereva naye akasema hakutumwa chuma, ametumwa karatasi. Hapo ndipo niliposhikwa na wasiwasi. Umesema mtu akiiona ile alama anaamini kabla hajagusa. Haya. Sasa mtu mwingine akiinunua, akaiweka kwenye kiti ambacho mimi sijakigusa, atakuwa amemwambia nini huyo anayeamini?

Nijibu hilo. Nalala nalo.

Baba yako,
Fundi Kuku


3 Machi

Baba, shikamoo.

Karatasi zimefika, asante sana. Meneja amefurahi mno. Saini zako zimeyumba, ya ukurasa wa tatu imetoka nje ya mstari kabisa. Uliandikia gotini? Wamezikubali hata hivyo.

Swali lako ni zuri na nitalijibu nikipata nafasi ya kukaa vizuri. Siku hizi kazi zimeniongezekea. Vilevile, usishangae lori likichelewa kidogo, wanapanga upya ratiba.

Binti yako.


9 Juni

Binti yangu.

Miezi mitatu nasubiri upate nafasi ya kukaa vizuri. Lori mara ya mwisho lilikuja wiki saba zilizopita, likachukua viti vinane, likaacha kumi na viwili bila maelezo. Barua hii naituma kwa posta. Ikifika, ifike.

Jana asubuhi mke wa mwalimu, yule yule mwalimu wa ng'ambo ya barabara aliyekufundisha kusoma, aliingia karakana amebeba mbao kichwani kama mtu anayetoka kutafuta kuni. Akazishusha miguuni pangu. Akasema, "Fundi, kiti chako hiki."

Nikatazama. Kilikuwa kiti kweli, au kilikuwa kiti wiki iliyopita. Wanawe walimnunulia mwalimu vinne dukani kwenu, kwa sababu wameona mguu wa kuku na wanajua baba yao ni jirani yangu, wakaona watamfurahisha. Mwalimu alikaa apate uji. Mguu wa nyuma ukachomoka, akaangukia mkono. Umevunjika juu kidogo ya kifundo, mkono wa kulia, umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

Nilikipindua. Mguu wa kuku upo. Lakini haukuchomwa, umepigwa na mashine kwa rangi nyeusi. Nilikwangua kwa ukucha, ukatoka. Na mbao si mbao, ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi, unamegeka kama mkate mkavu. Mguu umeshikizwa na skrubu moja. Moja! Mimi mbao yangu huingia kwenye mbao nyingine kama kidole kwenye pete, haihitaji hata msumari.

Nikamwambia, "Shemeji, hiki si changu." Hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema, "Fundi, tungekuwa wageni ungetudanganya. Mguu huu kila mtu hapa anajua ni wa nani."

Akaondoka. Nilikuwa na maneno mengi na sikutoa hata moja.

Nijibu sasa. Usiniambie kuhusu nafasi.

Baba yako,
Fundi Kuku


20 Juni

Baba, shikamoo.

Nimelia kwa ajili ya Mwalimu. Tafadhali mfikishie pole zangu, kama anapokea.

Nilikwenda kwa Meneja na barua yako mkononi. Nilimwambia viti vinavunjika. Akasema kiti kimoja kati ya elfu mbili si "vinavunjika". Nikamuuliza elfu mbili vimetoka wapi, maana baba yangu hatengenezi zaidi ya ishirini kwa safari moja ya lori. Akacheka. "Ndiyo maana tukanunua brandi. Tungenunua viti, tungebaki na viti."

Nikamwambia watu wanadhani vimetengenezwa na wewe. Akajibu, "Tumeandika wapi kwamba ametengeneza yeye? Tumeweka alama. Alama ni yetu. Mkataba unasema haki zote, na zote ni zote."

Baba, kuna jambo lingine, na naliandika mkono ukiwa mzito. Kipengele cha tisa kinasema wewe huruhusiwi kuitumia ile alama kwenye kitu chochote usichowauzia wao. Nilikuambia nimesoma. Nilisoma kurasa mbili za mwanzo. Nilikuwa na haraka, nikaona zimeandikwa kama zote zinavyoandikwa.

Nakuomba usichome kitu kwa sasa. Nipe muda nitafute njia.

Binti yako.


2 Julai

Kwa: Fundi Seremala

YAH: MATUMIZI YA ALAMA INAYOMILIKIWA NA KAMPUNI

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepata taarifa kuwa mnamo mwezi uliopita ulitengeneza mabenchi mawili kwa ajili ya zahanati, na kuyachoma alama ambayo ni mali ya Kampuni kwa mujibu wa mkataba uliousaini kwa hiari yako.

Unatakiwa kuiondoa alama hiyo kwenye mabenchi hayo ndani ya siku kumi na nne. Vilevile, unakumbushwa kutotoa maelezo yoyote kwa wateja yanayoweza kuharibu sifa ya brandi.

Kampuni inathamini uhusiano wake na wewe.

Wako katika ujenzi wa biashara,
kny: MENEJA


14 Julai

Kwa Mkuu wa Kitengo, au sijui nikuiteje.

Nimepokea barua ya ofisi. Nimeisoma mara moja nikaijua. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeandika "vilevile" halafu akaweka mkato. Mwalimu alikuchapa kwa ajili ya mkato ule ukiwa darasa la nne, ukaja nyumbani unalia, nikaenda kumwuliza. Akaniambia, "Huyu mtoto ana ukaidi wa mkato mmoja." Tulicheka wote wawili. Mkono uliokuchapa ndio huo uko kwenye plasta.

Umeniita Ndugu. Ndugu yako tangu lini?

Mabenchi yale wanakalia akina mama wenye watoto wachanga wakisubiri chanjo. Nilikwenda zahanati na patasi kama mlivyoniagiza. Muuguzi akasema nisubiri wagonjwa wapungue. Nikasubiri. Wakapungua. Nikapiga magoti nikaweka patasi kwenye alama, na sikuweza. Muuguzi akaniuliza, "Fundi, unaumwa?" Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani. Njooni muiondoe wenyewe.

Mtaani watu hawanitukani, afadhali wangenitukana. Wananisalimia haraka haraka. Wiki tatu hakuna aliyeleta kazi. Mwalimu akikaa barazani kwake nami nikiwa kwangu, tunatazamana na barabara iko katikati, kisha mmoja anaingia ndani.

Usinijibu.

Baba yako


23 Julai

Mwanangu,

Baba yako hajui kama nakuandikia. Amekwenda kununua gundi ambayo hatuihitaji, ili tu atoke.

Kuna jambo ulipaswa kuambiwa mwaka juzi. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza na kikombe, kikawa kinacheza kwenye kisahani. Halafu msumeno ukamruka, ukamkata kidogo. Daktari alimpa vidonge, akavitia kwenye kopo la misumari, viko humo mpaka leo. Saini ulizosema zimeyumba hakuandikia gotini. Aliandikia mezani, nimemshikia karatasi, na alichukua asubuhi nzima.

Viti vyote duka lenu lilivyochukua tangu wakati huo nimevitengeneza mimi. Nani mwingine? Nimemshikia mbao miaka yote hii, nimepiga randa, nimepiga msasa, nimepaka vanishi. Unajifunza, utake usitake. Kiti cha kwanza nilichokifunga peke yangu alikikalia siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne aliwasha moto, akapasha chuma, akakishika kwa mikono miwili, akachoma mguu wa kuku. Sifa niliyopata ni hiyo. Nikaridhika nayo, sikudanganyi. Niliona alama ni yetu sote.

Sasa unaelewa kwa nini alikwama mbele ya mke wa mwalimu. Nilimwambia vuka barabara ukamweleze mzee mwenzako kwamba wewe hutengenezi viti vya namna ile. Akanijibu, "Nikisema hivyo ataniuliza natengeneza vya namna gani. Mimi sitengenezi viti vya namna yoyote." Akalia. Sijamwona akilia tangu alipomzika mama yake.

Wewe nami nimekukasirikia, usidhani nimekusamehe kwa sababu naandika taratibu. Uliniandikia salamu za kitambaa puani. Hukuuliza kwa nini kila ukija mimi ndiye niliyejaa vumbi na yeye ana shati safi.

Hiyo kamusi yako niliipenda niliposomewa. Lakini nimekaa nikajiuliza, hao wenye mapipa, aliyechoma alama ndiye aliyelitengeneza pipa? Labda kulikuwa na mwanamke nyuma anakunja mbao.

Jambo la mwisho. Hizo karatasi zenu sikusaini mahali. Hakuna aliyeniuliza. Nimekwenda kwa mhunzi, kijana wa yule wa zamani, nimeagiza chuma changu. Alama yake ni mstari mmoja, nimemwambia asijaribu kuchora chochote.

Mama yako


5 Agosti

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo, hata kama umeniambia nisijibu.

Nimesoma barua ya Mama nikiwa ngazini, nikakaa hapo hapo, watu wakawa wananiruka. Kila nilipokuja nilikuona, Mama, umejaa vumbi, na nilichofikiri ni kwamba hujaoga.

Naandika yote sasa, nisije nikapata tena nafasi ya kuyafunika. Baba aliniita Mkuu wa Kitengo kwa hasira, nadhani alikiona cheo juu ya bahasha. Ni kweli. Nilipewa cheo hicho siku karatasi zenu zilipofika. Meneja alikuwa ameniahidi tangu Januari: leta saini ya mzee, meza ya dirishani ni yako. Ndiyo maana ilikuwa muhimu kabla ya mwisho wa wiki. Ndiyo maana sikufika ukurasa wa tatu. Niliposhindwa kujibu swali lako, Baba, si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo siku hiyo hiyo. Atakuwa amemwambia uongo. Hilo ndilo jibu, lilikuwa fupi, lingeenea kwenye kijikaratasi.

Barua ya "Ndugu" niliiandika mimi. Meneja alisema, "Andika wewe, unaijua lugha yake." Niliandika kwa nusu saa, nikala chakula cha mchana.

Mabenchi hayatafuatwa, nimemsikia mwanasheria akisema zahanati italeta magazeti. Lakini viti vyao vinaendelea, na alama inaendelea. Nilirudi mara mbili kwa Meneja. Mara ya pili nilimwambia alama hii maana yake ni kwamba kuna mtu wa kumgongea mlango, je, mguu ukilegea wagonge wapi? Akasema, "Kuna dawati la huduma kwa wateja." Nikashuka nikalitafuta. Ni kaunta yenye kengele, hakuna mtu.

Kwa hiyo nimemwandikia Mwalimu. Nimeandika kwenye karatasi ya ofisi, na cheo changu, na saini, kwamba kiti kile kimetengenezwa kiwandani na duka, na wewe hukukigusa, na duka linajua. Nilipeleka nakala kwa Meneja mwenyewe ili asisikie pembeni. Jana nilihamishiwa stoo. Nahesabu mito ya makochi. Sijui kama watanifukuza, naona wanasubiri niondoke mwenyewe.

Habari za wewe na Mama sikumwandikia Mwalimu. Hizo si zangu kusema.

Binti yenu.


21 Agosti

Binti yangu, marahaba.

Hasira haijaisha. Naandika nikiwa nayo. Mama yako ananishikia karatasi, na amenikataza kumpa aandike yeye, anasema nimejificha nyuma ya mkono wake vya kutosha.

Barua yako kwa mwalimu ilifika. Mkewe alivuka nayo barabara, akanipa mkono, akasema, "Shemeji, nilikukosea." Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaingia ndani nikamfokea mama yako kwa sababu ya nyundo isiyokuwa mahali pake. Maana kosa lililokuwa lao sasa lilikuwa limeondoka, limebaki la kwangu peke yake, na halikuwa na pa kujificha.

Mama yako aliendelea na kazi yake. Alikuwa anamalizia kiti. Nikamuuliza ni cha nani, akasema, "Cha mwalimu. Chenye mikono, aweze kuinuka na plasta yake." Nikamuuliza nani kakiagiza. Akasema, "Mimi." Akapasha chuma chake, akachoma ule mstari wake mmoja. Alinitazama, nikadhani ataniomba nishike. Hakuniomba.

Jumapili asubuhi tukavuka barabara. Kiti alikibeba yeye. Mimi alinipa mkoba wake nimshikie.

Mwalimu alikuwa barazani. Amekonda. Akasema, "Karibu, Fundi," kwangu. Nikasema nimekaribia. Akasema, "Kiti kizuri, Fundi. Naona umebadilisha mtindo." Mama yako angeweza kusema, akaniachia mimi. Nilisimama pale mbele ya watu wawili wanaonijua tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nikwambie, kusaini kurasa zenu nne kulikuwa kazi ndogo.

Nikamwambia, "Mwalimu, si mimi."

Akasema, "Najua, mtoto ameniandikia, vile si wewe."

Nikamwambia, "Hapana. Hiki. Hiki si mimi, na ile meza yako ya mwaka jana si mimi, na vile viti vya mkwe wako si mimi. Mkono huu haujafunga ulimi wa mbao mwaka wa pili sasa. Ni huyu." Nikanyoosha mkono nimwonyeshe, na mkono wenyewe ukaanza kucheza, wote wakauona, hakukuwa na haja ya kueleza zaidi.

Mke wa mwalimu akasema, "Mimi nilijua." Mwalimu akamwuliza, "Ulijua vipi?" Akasema, "Mikono yake inanuka vanishi hata kwenye harusi." Mwalimu akasema kwa nini hukuniambia. Akasema hukuuliza. Wakaanza kuvutana wao kwa wao juu ya hilo, sisi tumesimama.

Nimekwambia hasira haijaisha, na nikueleze nyingine. Duka lenu limefungua tawi huku, barabara ya sokoni, na nje wameweka bango lenye mguu wa kuku mkubwa kuliko mlango. Nalipita kila nikienda kununua msasa. Watu wanaingia. Sina la kufanya. Wengine wanakuja kwetu kuuliza, tunawaambia, wengine wanaamini na wengine wanasema bei yetu imezidi. Kazi zimeanza kurudi moja moja, na wanaoleta wanampa maelezo mama yako, wananiangalia mimi kama wanaomba radhi. Vidonge nimeanza kuvimeza. Havifanyi lolote bado.

Hiyo stoo, kaa ukiweza kukaa, ondoka ukishindwa. Chumba chako kipo. Mama yako anasema anahitaji mtu anayesoma kurasa zote.

Lakini nilikuwa nakueleza habari ya barazani. Walipochoka kuvutana, mwalimu akajaribu kuinuka kwenye kiti chake cha zamani ahamie kile kipya. Mkono ule mzito ukamvuta upande. Nikasogea nimsaidie, nimezoea, akinihitaji huniita. Akatazama nyuma yangu, kwa mama yako.

Akasema, "Fundi, nishike."

Mama yako akapita mbele yangu, akamshika kwapani, akamzungusha taratibu, akamkalisha. Mwalimu akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akafumba macho, na kiti hakikutoa sauti yoyote.

Mimi nikabaki nimesimama, nimeshika mkoba.

Baba yako